Shamba la Kuonjea Mvua

Jiko la Nakijwa halikuwa na mlango. Lilikuwa nao zamani, mumewe akiwa hai, lakini mlango wenyewe ulichoka kusukumwa, bawaba zikalegea, na siku ulipoanguka watu waliuruka wakaendelea kuingia. Alasiri hiyo ya mwezi wa tatu, mvua ya kwanza ilipogonga mabati, waliingia kwa fujo kuliko siku zote, wengine na mabakuli yao mkononi, na kila mmoja alikuwa na jina la mtu ulimini.

"Mwaka huu ni kwa akina Mrutu," alisema Kajiru, mtunza ghala la mbegu, huku akijichotea makande bila kukaribishwa. "Shamba lao limetazama bonde. Shangazi anapenda shamba lililotazama bonde."

"Shangazi hapendi wala hachukii. Ni mashine," mmoja akadakia.

"Mashine inayojua umepanda nini, umevuna nini na kwako mko wangapi? Huyo ni shangazi, tena wa upande wa baba!"

Jiko zima likaangua kicheko. Nakijwa naye alicheka, maana kicheko kikimpita bila kusimama alihisi ameibiwa, lakini sikio moja alikuwa ameliacha juu ya bati. Mvua ilikuwa nzuri mno. Ilinyesha kwa mpangilio, haina radi wala upepo, kama mgeni anayevua viatu kabla ya kuingia. Mgeni wa namna hiyo, Nakijwa alijua, ndiye wa kuhesabia vijiko akishaondoka.

Huku Mngwasi, juu kabisa kwenye milima ya Upare, watu waliacha kuiamini mvua tangu masika yalipojifunza uongo. Yalikuja na maji ya siku chache, udongo ukalowa juujuu, mahindi yakachipua, watu wakashangilia. Kisha jua likatoka na kusimama wiki baada ya wiki mpaka shamba likawa majivu. Na mbegu ilikuwa moja tu kwa msimu: mgao wa nyumba, kikapu kimoja kutoka ghalani. Ukiupoteza utakula kwa majirani mpaka mwaka mwingine, na jirani mwenyewe ana kikapu kimoja. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu kutia punje ardhini kabla Shangazi hajasema. Na kwa kuwa wazee walikataa katakata kuamriwa na sauti isiyo na meno, Shangazi alisema kwa kinywa cha Nakijwa, kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya miti mlima mzima.

Lakini kabla ya wote kuruhusiwa, nyumba moja hutangulia. Shangazi huitaja, na mwenye nyumba hiyo huitwa mfunguzi wa msimu. Ni heshima. Watu humlimia shamba lote kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja isiyo na ujira. Huimba, huchinja hata kuku wa kutaga. Mvua ikiwa ya kweli, mfunguzi hula mahindi mabichi kabla ya mtu yeyote. Ikiwa ya uongo, basi, watu husema mkono wake haukuwa mzuri.

Mwenye mkono usio mzuri alikuwa pale pale, juu ya kigogo karibu na kuni. Mzee Senkondo alifungua msimu wa mwaka juzi; miche yake ikaungua yote, na mkewe akaenda kwa dada yake tambarare "kwa muda", na muda wenyewe haujaisha hadi leo.

"Mzee Senkondo," Kajiru akamchokoza, "sogea mbali na dirisha. Mvua isije ikakuona ikakumbuka njia ya kurudi."

"Ikiona unavyochota wewe," mzee akajibu bila kuinua macho, "itadhani huku tumeshashiba, iende kunyesha kwa wenye shida."

Nje, kwenye karo, Namkunda alikuwa akiosha vyombo. Namkunda alikuwa wifi yake Nakijwa, mjane wa kaka yake, na mwenye macho angeona kwamba sufuria alizozisugua si za Nakijwa peke yake. Nyingine alikuja nazo kutoka kwake, zimefunikwa kwa kanga. Binti yake Eliwaza alikuwa amemkimbia mume huko tambarare, amerudi na watoto wawili, na amefichwa chumba cha nyuma mpaka shari ipoe, maana ndimi za Mngwasi zinajulikana. Ulimi mkali kuliko zote ulikuwa wa Nakijwa mwenyewe, na hiyo ndiyo siri pekee aliyowahi kuimeza ikakaa.

Kengele ya chumba cha sauti ikalia. Jiko likanyamaza ghafla. Hata waliokuwa wakitafuna waliacha.

"Nenda, Mama Kiangi," Kajiru akamwambia Nakijwa. "Tuletee jina."

*

Chumba cha sauti kilikuwa ubavuni mwa ghala: kiti kimoja, kipaza sauti kimoja, na mtungi wa kioo ambamo nyuzi za kuvu zilichomoza kutoka ardhini, nyeupe, laini kama nywele za ajuza. Nyuzi hizo zilikuwa zimesambaa chini ya mlima mzima, chini ya kila shamba na kila ua. Shangazi alikuwa ni nyuzi hizo, pamoja na kisanduku kilichokaa juu ya mtungi na kuzisemea.

Nakijwa alivaa kidude chake sikioni, akabonyeza swichi, taa nyekundu ikawaka, akaanza kama kawaida yake.

"Haya, wenye mlima wenu! Mvua mnaisikia, sina haja ya kuwasimulia. Sasa nisikilizeni mimi. Mwezi huu wa tatu ni wa maandalizi, si wa papara. Mashimo ya mahindi yachimbwe, kila shimo konzi mbili za samadi iliyooza. Nimesema iliyooza, si ile inayofuka moshi kama ya jirani yangu ninayemjua. Kingo za matuta zipandwe matete kabla maji hayajazibomoa. Migomba ipunguzwe majani makavu, yatandazwe kwenye kahawa, yasichomwe. Mchicha na sukuma wiki ziotesheni kitaluni, kwenye kivuli; mche ukifika urefu wa kiganja ndipo uhamishwe. Maharage yasubiri mahindi. Na mwenye mbuzi amfunge, msije mkanifanya nitaje majina. Sasa basi, kuhusu mfunguzi..."

Hapo ndipo Shangazi alipozoea kumpenyezea jina sikioni.

"Namkunda," Shangazi akasema.

Vidole vya Nakijwa vilizima swichi kabla ya akili yake kuamua. Mlima mzima ukabaki unasikiliza mvua.

"Rudia."

"Namkunda. Nyumba ya juu ya mfereji."

"Kwa nini yeye?"

"Hujawahi kuniuliza hivyo," Shangazi akasema. Sauti yake haikuwa na lawama. Haikuwa na kitu. "Miaka yote nikitaja jina, unalitangaza."

"Leo nauliza."

"Kwake anakula mtu mmoja. Mbegu ikifa, hasara ni ya mdomo mmoja."

"Ikifa? Mvua si hii hapa inanyesha?"

"Mvua kama hizi zikija kumi, mbili ndizo hukaa. Hii inaelekea si ya kukaa."

Nakijwa aliinamia mtungi. "Yaani unajua ni ya uongo, na bado unataka apande?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka apande. Mawingu hunidanganya mimi kama yanavyowadanganya ninyi. Uzi wangu ukikaa kwenye udongo mtupu hulala. Ukishika mzizi unaokunywa, huamka, na mzizi hufuata maji yanakoshuka. Nikisikia shamba moja linakunywa kutoka chini, najua mlima wote una maji, nawaambia mpande. Nikisikia lina kiu, nawazuia. Shamba moja linakufa, mengine yote yanaishi."

"Kama kuonja mchuzi."

"Kama kuonja. Ila anayeonja ndiye anayeungua."

"Si tuchange? Kila nyumba itoe konzi moja ya mbegu, tulime shamba la wote."

"Mwaka wangu wa kwanza mlichanga. Kila nyumba ilitoa konzi iliyobunguliwa, kila mtu akiamini zake mbovu zitafichwa na nzuri za wenzake. Haikuota hata punje. Nilikuwa kipofu msimu mzima."

Nakijwa alitaka kubisha. Lakini aliwajua watu wake, akaliacha.

Nje ya ukuta alisikia miguu ikichapa tope. Watu walikuwa wamechoka kusubiri jikoni, wamemfuata mpaka ghalani. Kajiru aligonga ubao. "Mama Kiangi! Kulikoni? Jina limekukwama kooni?"

"Kwa Namkunda hawali mmoja," Nakijwa alinong'ona, na siri ikamtoka kama jino. "Wako wanne. Binti yake yuko ndani na wanawe."

"Sijawasikia."

"Huwa unasikiaje?"

"Nyayo za uani. Na maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Kwa Namkunda humwagwa ya sahani moja."

"Kwa sababu vyombo vyake anakuja kuviosha kwangu!"

"Basi nilikosea. Wanne. Anayefuata ni Senkondo."

Nakijwa alimwona akilini mzee yule juu ya kigogo, bakuli magotini, akitafuna polepole kama mtu anayeogopa kumaliza.

"Senkondo alishafungua!"

"Anakula peke yake. Hesabu ni ile ile."

"Na kwangu?" aliuliza, na alipouliza alikuwa ameshajua. "Kwangu unasikia wangapi?"

"Nyayo nyingi. Maji mengi. Kwako wanakula kumi na zaidi. Jina lako halijawahi hata kukaribia."

Wanawe walikuwa mijini, mumewe kaburini. Kitandani mwake alilala yeye na paka. Miaka yote hiyo, watu walioingia bila hodi, wakamaliza makande yake na kumchafulia sakafu, walikuwa wamemfunika pasipo kujua, wao wala yeye; na kila mwaka kitu kilichopaswa kuwa chake kilimwangukia mtu mkimya, mtu asiye na wageni.

Angeweza kunyamaza. Mashine yenyewe isingejua. Angemtaja Senkondo, watu wangecheka, wangeguna, wangemwimbia mzee wa watu mara ya pili, na jikoni kungeendelea kujaa.

Akawasha swichi.

"Mfunguzi wa msimu," alisema, na sauti yake ikamrudia kutoka bondeni imechelewa kidogo, "ni mimi, Nakijwa." Vigelegele vikalipuka nje. "Ngojeni. Ngojeni kwanza! Nitawaambia maana yake, halafu mpige vigelegele kama mtakuwa bado mnavyo."

*

Aliwaambia yote isipokuwa habari ya Eliwaza.

Asubuhi iliyofuata alisimama shambani na kikapu chake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa peke yake mahali penye kazi. Msaragambo hauna mwaliko. Baragumu likipulizwa, watu huja. Baragumu lilikuwa limeshapulizwa. Ukungu ulipanda, ukatawanyika, njia ikaonekana yote mpaka chini, na njiani hapakuwa na mtu.

Aliyetokea wa kwanza ni Senkondo, jembe begani, akiburuta mguu wake mbovu.

"Shikamoo, mzee. Karibu. Nilijua wewe hutaniacha."

"Marahaba. Sikuja kukusaidia," Senkondo akasema. "Nimekuja kuona uso wa mtu anayepanda huku anajua. Mimi nilipanda nacheka. Mliniimbia, nikacheza."

Nakijwa aliweka kikapu chini, akashika jembe.

"Sasa utanitazama au utachimba?"

Wakachimba. Wengine walikuja jua likiwa limeshapanda, mmoja mmoja, macho chini. Namkunda alikuwa wa mwisho, kope zimevimba. Alipiga magoti kando ya wifi yake, akaanza kufukia mbegu.

"Lilikuwa langu, sivyo?" alinong'ona. "Hilo jina."

"Panda, wifi."

"Niambie."

"Lilikuwa la mdomo mmoja. Kwako mko wanne. Panda."

Hakuna aliyeimba. Kajiru alijaribu, akaishia ubeti wa kwanza. Walipomaliza, shamba lilikuwa zuri, limenyooka, limelowa, na wote walisimama kulitazama kama watu waliokuja kuaga maiti.

*

Mvua ikakatika kama ilivyokuja, kwa adabu. Mahindi yakachipua. Jua likatoka, likasimama.

Jiko liliendelea kujaa, ila si kwa namna ile. Sasa watu walikuja na chakula chao, wakamwekea yeye mbele, wakazungumza kwa sauti ya matangani. Nakijwa aliwachukia kwa hilo.

"Semeni basi hata uongo!" aliwafokea jioni moja. "Nani kamwacha nani? Mbuzi wa nani kala mboga za nani?"

Kajiru akaanza kisa cha mbuzi, akasahau mwisho wake.

Kila asubuhi aliingia chumba cha sauti na kuuliza, "Unasikia nini?" na Shangazi akajibu, "Bado. Mizizi ni mifupi." Kila asubuhi alitangaza yale yale: subirini, mbegu zibaki ghalani, tandazeni majani, funikeni vitalu, maji ya ndiva ni ya kunywa tu. Ndiva, lile bwawa la mlimani linalopokea maji ya mfereji, lilikuwa limeshuka mpaka tope linaonekana, na kila nyumba ilipimiwa ndoo yake.

Lakini miche yake haikufa. Magugu ya kando ya njia yalikuwa yamekauka, migomba imeinamisha majani, na mahindi ya Nakijwa yalisimama kijani kibichi kama yamechorwa. Alijizuia kutumaini, akashindwa. Akaanza kutembea haraka. Akaanza kuonja chumvi kwenye chakula tena.

Ndipo asubuhi moja, kabla hajauliza, Shangazi akasema: "Maji yameshuka. Mizizi inakunywa. Mvua ile ilikuwa ya kukaa. Tangaza wapande wote, leo hii, unyevu usiwakimbie."

Nakijwa alikaa kitako. Machozi yalimtoka kabla ya neno. Zile mbili katika kumi! Nje Kajiru, aliyekuwa na tabia ya kutega sikio dirishani, alipiga ukelele. Malango ya ghala yakafunguliwa, baragumu likalia, na watu wakaanza kumiminika kutoka kila upande na vikapu vyao, wakiitana, wakikumbushana madeni ya majembe, wakicheka kwa sauti waliyokuwa wameisahau.

"Tangaza," Shangazi akarudia.

Kidole chake kilikuwa juu ya swichi. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliwaona watu wakija mbio, na vumbi likiwafuata visiginoni kama mbwa.

"Una hakika?"

"Nasikia mizizi yenye maji. Sijui zaidi ya ninachosikia."

Zaidi ya ninachosikia. Mashine hii ilisikia maji ya sahani moja ikaamini mdomo mmoja.

"Nisubiri," Nakijwa akasema. Akatoka kwa mlango wa nyuma, yeye mwanamke wa umri ule, kanga mkononi, mbio.

Shambani alipiga magoti katikati ya mistari akachimba kwa vidole. Vumbi. Akachimba mpaka kifundo cha mkono kikazama: vumbi, na chini yake udongo mgumu kama tofali. Kisha akasogea akachimba kwenye shina la mhindi. Hapo udongo ulikuwa mweusi, baridi, umelowa mpaka chini, duara ya ukubwa wa bakuli. Shina la pili, vile vile. La tatu, la nne, mstari mzima. Na kati ya mistari palikuwa na nyayo: za viatu, za pekupeku, za watoto, na mfereji mwembamba alioukwaruza mtu anayeburuta mguu.

Majani ya migomba yakatikisika, akatokea Namkunda, tumbo limevimba upande mmoja kwa dumu alilolificha ndani ya kanga. Wakatazamana.

"Wifi," Namkunda akaanza, "ni kidogo tu. Ni ya kunywa yangu mwenyewe, sikumwibia mtu. Nilisema tone moja hilo Shangazi hatalisikia."

"Ni wewe peke yako?"

"Peke yangu, haki ya Mungu!" Kisha akayafuata macho ya Nakijwa mpaka kwenye nyayo, na mkono ukampanda mdomoni. "Jamani. Wote?"

"Wote. Na kila mmoja yuko peke yake."

Baragumu likalia tena kutoka ghalani.

"Unasikia?" Nakijwa akasema. "Wanapanga foleni. Mlima mzima unakwenda kumwaga vikapu vyake kwenye vumbi, kwa sababu yangu mimi."

"Basi waambie wasipande! Waambie Shangazi kakosea. Lakini hili tulimwagilie, liishi. Kila mtu na tone lake, hatutachoka. Shangazi aache kusikiliza lako, asikilize jingine."

"Lipi?"

Namkunda akakaza kanga juu ya dumu.

"Taja jina, wifi. Asikilize la nani?"

Namkunda alifungua mdomo. Alitazama upande wa kwa Mrutu, akatazama upande wa kwa Senkondo, akatazama juu ya mfereji kwenye nyumba yake mwenyewe, ambako dirisha la nyuma lilikuwa limefungwa. Jina halikutoka.

"Na mvua ya kweli ikija," Nakijwa akaendelea, sasa taratibu, "ataitambuaje, kama hapa ameshazoea maji yenu? Lazima likauke, wifi. Lazima alisikie likikauka."

"Wewe utakula nini?"

"Sijui." Na kweli hakujua. Hofu ilimwambia mambo mengi ya busara: kwamba mtu anayekula kwa watu hupungukiwa sauti kila siku, kwamba mwaka ni mrefu, kwamba Senkondo naye aliwahi kuwa mtu wa vichekesho. "Lete hilo dumu."

Namkunda alidhani atalimwaga. Nakijwa alilipeleka mdomoni akanywa, akanywa mpaka pumzi ikamkatika, akapumua, akainamisha dumu tena mpaka likawa tupu. Kisha akajifuta kidevu kwa kiganja na kukilamba, lisidondoke hata tone.

*

"Wenye mlima wenu," alisema kwenye kipaza sauti, na foleni nzima nje ya ghala ikageuza shingo. "Rudisheni mbegu. Msipande. Maji aliyoyasikia Shangazi si ya mvua, ni ya madumu yenu."

Kelele zikapanda. Mtu alisema hayo ni mambo ya wivu, mwingine akasema si yeye, wa tatu akauliza kwa hasira nani basi, na wa nne akamwambia, "Wewe! Nilikuona!" na hapo wakaanza kutajana, kila mtu akimtaja mwenzake, mpaka ikawa hakuna aliyebaki hajatajwa. Kelele zikafa zenyewe. Kajiru alikuwa amekaa juu ya kizingiti cha ghala, kichwa mikononi.

"Nimeona nyayo zenu, nawajua mmoja mmoja," Nakijwa akaendelea. "Leo simtukani mtu. Aliyemnyima mwanawe maji akanipa mimi, nimeona. Nashukuru. Asirudie. Atakayemwagilia tena lile shamba, ajue kikapu cha jirani yake amekitia motoni kwa mkono wake."

Akazima.

Siku zilizofuata alikaa ukingoni mwa shamba, kwenye kigoda, kwa sababu hakuwaamini. Aliwajua; wangeweza kulia na kuapa huku wameficha kopo. Jioni ya kwanza wakaja. Walikuja wengi, na kila aliyefika alinyoosha mikono mbele yake, viganja juu, avionyeshe vitupu, kisha ndipo akaketi. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Senkondo alinyoosha vyake kwa muda mrefu kuliko wote, akimtazama usoni. Namkunda alikuja na Eliwaza mchana kweupe, na wajukuu wawili wakimng'ang'ania sketi mama yao. Watu wakageuka, wakameza mate, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Mngwasi hakuna aliyesema neno.

Majani yalianza kujikunja kwenye ncha. Yakajikunja yote, yakawa membamba kama mikia ya panya, yakapoteza rangi. Mtoto mmoja wa Eliwaza aliuliza kwa nini watu wazima wote hawa hawayapi maji. Mama yake akamfunika mdomo.

"Unasikia nini?" Nakijwa aliuliza kila mara, kidude sikioni.

"Unyevu," Shangazi alijibu. "Bado unyevu."

Watu walimtazama, naye akatikisa kichwa, wakarudi kutazama shamba. Wakaja tena kesho yake, na kesho yake tena. Mtu alianza kusimulia habari ya mbuzi, polepole, na safari hii mwisho wake ukapatikana, na wawili watatu wakacheka bila kutaka.

Alasiri moja kishada cha majani kikakatika chenyewe kikaanguka, bila upepo.

"Sasa nasikia," Shangazi akasema.

"Nini?"

"Kiu."

Wote walikuwa wakiutazama mdomo wake. Nakijwa aliinuka kwenye kigoda, akaingia mpaka katikati ya mahindi yake, akajifuta mikono kwenye kanga, na akawaambia wafunge ghala.